Wali wa Nyumba ya Kiwandani

Katika kikundi chetu, tunaojengeana nyumba kwa zamu, nyumba haiishi kwa bati, inaisha kwa wali. Mnaweza kufyatua matofali, kuyachoma, kupandisha kuta na kupigilia msumari wa mwisho, lakini mpaka mwenye nyumba awashe moto ndani, apike, na sisi wote tukae chini tule, zamu yake bado iko wazi. Tukishanawa mikono, imefungwa. Hakuna wa kuja kesho kulalamika kwamba ukuta umepinda au dirisha limesahauliwa. Umetulisha, umekubali. Sheria hiyo tuliikuta kwa wazazi wetu hapa Kasongo. Nimekula wali katika nyumba za wenzangu wote, hata nikajua nani anapika wenye mawe.

Mimi ni Ernestine, mama Déo. Mume wangu Roger alifariki watoto wakiwa bado wadogo, na mdogo wake, Gérard, ndiye aliyesimama mahali pake. Sisemi uongo ili mumchukie haraka: alisimama kweli. Alilipa shule, alileta kuni, watoto wakamwita baba mdogo, na mimi nilipowaita waje kumsalimia nilisema baba yenu amefika. Yeye ndiye pia kiongozi wa kikundi chetu cha matofali. Tulipopanga zamu nilikuwa kwenye kilio, nimefunga kitambaa kichwani, sina nguvu ya kubishana na mtu. Gérard akasema mama Déo aje wa mwisho, apumzike kwanza. Nikamshukuru.

Basi miaka ikapita nikiwakanyagia wengine udongo. Miguu yangu inajua shimo la udongo kuliko inavyojua viatu. Mwishowe ikafika zamu yangu. Matofali yangu yakachomwa, tanuru likapoa, tukalifungua. Yalitoka mekundu, ukigonga moja kwa jingine yanalia vizuri. Nilikuwa napita pale kila jioni kuyagonga tu, bila kazi yoyote, na majirani wakinicheka kwamba nimeolewa na tanuru.

Hapo ndipo mradi ulipokuja.

Tulianza kuusikia redioni. Serikali imetenga fedha kwa ajili ya nyumba za kiwandani, zinazotengenezwa na kupangwa na mashine zenye akili, na maeneo yetu ya Kasongo na Kabambare yamo. Mimi redio huwa naiachia iseme. Lakini Gérard aliitwa kwenye mkutano, akarudi amevaa fulana ya rangi ya chungwa yenye maandishi mgongoni, akaja moja kwa moja kwangu, akakaa kwenye kigoda.

“Mama Déo, serikali imetoa feza ya nyumba,” akaanza. “Si nyumba ya udongo wa potopoto, si ya matofali. Ile inatoka usine, kiwandani, imekwisha kukatwa. Mashini iko na mukono moja munene, inapanga kuta yenyewe. Iko na akili. Inaona, inapima, inajua mahali pa kuweka kila kitu.”

“Akili ya nani?”

“Akili ya mashini.”

“Na ikikosea, nitagombeza nani?”

Akacheka. Gérard ana kicheko kizuri, kama cha kaka yake. “Utanigombeza miye, shemeji.”

Akanieleza kwamba nyumba ya kwanza ya Kasongo nzima inaweza kuwa yangu, kwa sababu kiwanja changu kiko kando ya barabara ya Nyangwe na lori linaweza kufika. Lakini kuna masharti. Nyumba yangu ya udongo lazima itoke, mashine haitaki kitu karibu. Na chini lazima pawe pagumu: saruji iliyochanganywa na matofali ya kuchoma yaliyovunjwa.

“Matofali gani?” nikauliza, ingawa nilikwisha kujua.

“Ya kwako. Hautayahitaji tena.”

Nuru alikuwepo siku hiyo. Nuru ni mama mkubwa wa kikundi, mtu wa msikitini, mwenye kutunza sheria zetu, na hana haya ya kuuliza. Akauliza nyumba ikiharibika nani ataitengeneza. Akauliza hiyo usine iko wapi, ameiona nani. Gérard akajibu hili, akapita lile. Nikaona Nuru anamchosha mtu wangu bure. Nikasema, “Mama Nuru, wacha. Huyu ni baba ya watoto wangu.” Na Nuru akaacha kuuliza.

Walibomoa nyumba yangu asubuhi moja tu, kwa sababu udongo ulikuwa umezeeka. Hiyo haikuniuma sana. Kilichoniuma ni nyundo kwenye matofali. Vijana waliyavunja vipandevipande, yale mekundu, yale yanayolia. Nikajifunga kitenge vizuri nikawasaidia kubeba vipande. Nilijiambia mwanamke anayelilia matofali wakati anapewa nyumba ana kichaa.

Lori lilichelewa sana, lilikwama kwenye matope mpaka watu wakaanza kunicheka upya. Lakini lilifika. Juu yake kulikuwa na kuta nyeupe zimepangwa kama mikate, na ule mkono wa chuma umekunjwa. Aliyeusimamia alikuwa dada mmoja, enjeniere Naomie, ametoka Kinshasa, mpole, Kiswahili chake kimechovywa kwenye Kilingala. Mashine yenyewe ilikuwa inasema. Ilisema Kiswahili cha redio ya mbali: “Tafadhali sogea pembeni, ndugu mwananchi.” Watoto wa mtaa walikishika papo hapo. Hata mbuzi wakaambiwa wasogee pembeni, ndugu wananchi.

Sitawadanganya, ilikuwa kitu cha kutazama. Mkono ulinyanyua ukuta, ukausimamisha, ukaenda kuchukua mwingine, hauchoki, hauombi maji. Jua halijashuka nyumba imesimama: vyumba, madirisha ya kioo, mlango wenye kitasa. Wakubwa wakatoa hotuba juu ya teknolojia na juu ya mama wa mkoa wetu wa Maniema. Huyo mama wa Maniema nilikuwa mimi, niliyesimamishwa mbele kama bibi harusi. Nilifurahi hadi meno yakakauka.

Kisha Gérard akanivuta pembeni. “Mama Déo, pika.”

“Sasa hivi? Sijalala mule ata siku moja. Ata vyombo sijaingiza.”

“Delegasion ya wakubwa inataka kuona maisha mule ndani. Kamera ya mashini inatafuta mutu, moto, chakula. Pika wali, kikundi kikule. Njo furaha yenyewe.”

Nikapika. Mchele wa hapa, sombe ya majani ya muhogo yenye mafuta ya mawese, samaki niliyempata haraka kwa jirani. Niliwasha mbabula, jiko la makaa, pembeni ya chumba cha mbele, moshi ukapanda kwenye ukuta mweupe, mashine ikageuza jicho lake ikatutazama. Kikundi kikaingia. Nuru alisimama mlangoni, hakuvuka kizingiti.

“Mama Déo,” akasema polepole, “unafunga zamu yako?”

Wote walinigeukia. Gérard alikuwa nyuma yangu. Nikasema kwa sauti ya mtu aliyeshiba kabla ya kula, “Nafunga.”

Wakala, wakanawa mikono, wakaimba.

Naomie aliniomba nisihamie kwanza, kuna ukaguzi. Nikarudi na watoto jikoni kwa Nuru, tulikokuwa tunalala tangu nyumba ya udongo ibomolewe. Hata kabla moshi wa moto ule haujatoka kwenye nywele zangu, lori likarudi. Mkono uleule ukafungua kilichofungwa. Nilikuta ukuta wa kwanza umekwisha kulala kwenye lori.

“Inaenda kutengenezwa,” Gérard akaniambia. “Iko vyuma fulani haviko sawa. Wanarekebisha, wanarudisha. Weye haujui mashini.”

Ni kweli, sijui mashine. Nikashika upande mmoja wa dirisha nikamsaidia kulipandisha. Mnisikie vizuri: kwa mikono yangu hii. Nikamwambia walifunge vizuri lisivunjike njiani.

Gérard akaondoka na lori. Mvua zikaanza. Kiwanja changu kikabaki na sakafu ya saruji na vyuma vimechomoza kila kona, hata mboga haiwezi kuota hapo. Wanangu walikuwa wanacheza nyumba-nyumba juu yake: hapa chumba cha mama, hapa cha Déo. Kila jioni nilisikiliza lori. Simu ya Gérard ilikuwa haipatikani, na mimi, mjinga, nilimtetea. Nilisema kule aliko hakuna mtandao.

Mwishowe nikakwenda kwenye kikundi kuomba zamu yangu ifunguliwe. Nilisema: sina matofali, sina nyumba, nyote mnaona. Wakaangalia chini. Mmoja akasema, “Lakini ulitulisha, mama Déo.” Mwingine akasema tukifungua yako, kesho kila mwenye ufa ukutani atataka ya kwake ifunguliwe. Nikamgeukia Nuru. Macho yake yalikuwa mekundu.

“Nilikuuliza mulangoni,” akasema. “Nilikuuliza mbele ya watu wote, juu ya mashaka niliyokuwa nayo. Ungesema bado, ningewatoa wote inje na sahani zao.”

Niliwatukana. Nilisema maneno ambayo hayaandikwi. Lakini nikiwa njiani kurudi nilijua kwamba ningekuwa mimi nimekaa kwao, ningesema vilevile. Tumeishi na sheria hiyo maisha yetu yote. Aliyeijua vizuri kupita sisi sote ni kiongozi wetu, na ndiye aliyeniambia nipike.

Habari ya nyumba niliipata kwa mwendesha pikipiki mmoja anayebeba mafuta. Alisema ameiona Kabambare, nyeupe, kando ya barabara, na watu wanajiandaa kwa sherehe. Nikawaacha watoto kwa Nuru nikapanda pikipiki. Njia ile wanaoijua wanaijua: unapanda, unashuka, unasukuma, unavuka maji umeshika viatu mkononi. Nilikuwa na muda mwingi wa kuwaza. Mpaka karibu kufika bado nilikuwa namtafutia Gérard sababu. Labda nyumba hii ni nyingine. Labda yangu iko njiani.

Haikuwa nyingine. Kwenye chumba cha mbele kulikuwa na weusi wa moshi ukutani, wameusugua, umekataa kutoka.

Chini ya ukuta huohuo mwanamke alikuwa amekaa, ungo magotini, anachambua mchele. Mama yake mzee, aliyekuwa mlangoni, alimwambia neno kwa Kibangubangu, naye akainua kichwa akanikaribisha kwa Kiswahili. Jina lake Célestine. Alitabasamu kama nilivyotabasamu mimi. Nyuma ya nyumba niliona rundo la udongo mpya na miti iliyong’olewa, bado ina kamba.

“Ile ilikuwa nyumba yako?” nikauliza.

“Ile ya zamani, ndiyo. Walibomoa juzi. Nasubiri delegasion ya wakubwa, niwashe moto.” Akapepeta kidogo. “Tulikuwa na woga. Lakini walituambia iko mama moja kule Kasongo, anakaa mule mwake vizuri na watoto wake. Anaitwa Ernestine.”

Nikakaa chini, pale pale kwenye sakafu.

“Njo miye,” nikamwambia. “Ernestine ni miye. Ile nyumba wanasema niko nakaa mule vizuri, njo hii umekalia. Usiwashe moto, mama. Nakuomba. Ukiwasha, watakula, wataondoka nayo.”

Hakunielewa mara moja, nani angeelewa? Nikamwonyesha moshi wangu ukutani. Nikamwambia sombe ilikuwa upande gani na wali upande gani. Alitazama ukuta, akatazama mchele wake, kisha akatazama nje kwenye lile rundo la udongo kwa muda mrefu. Akaanza kurudisha mchele kwenye mfuko, konzi kwa konzi. Mama yake akaanza kulia kwa sauti ndogo.

Kilio kile ndicho kilichowaleta. Naomie aliingia kwanza, Gérard nyuma yake na fulana yake ya chungwa. Aliponiona alisimama kama aliyekanyaga msumari.

Nilimwacha. Nikamuuliza Naomie, kwa sababu yeye hakuwa mtu wa nyumbani kwangu. Niseme ukweli, dada huyo hakunificha. Alisema usine haijajengwa. Haiko mjini Kindu, haiko popote.

“Serikali iko inatoa feza kidogo kidogo, mama,” alisema. “Mashini ikionyesha nyumba ziko na watu ndani, sehemu ya pili inatoka, ndiyo usine itajengwa. Sasa nyumba ya kuonyesha iko moja tu. Wakubwa yangu waliamua itembee.”

“Itembee?”

“Leo hapa. Kisha mahali pengine.”

“Haya. Basi hiyo usine siku itaanza, uniandike wa kwanza.”

Alichukua kibao chake cha kioo, kinachoonyesha kumbukumbu za mashine, akagusa, akagusa tena. Uso wake ukabadilika. “Mama, hapa wewe iko na nyumba. Mashini iliona wewe, iliona moto, iliona watu wanakula. Usine ikianza itatafuta wale hawana. Jina yako haitapita.”

“Futa.”

“Siwezi. Nikifuta moja, itasema yote ni uongo, feza inasimama.” Alisema hivyo akiangalia viatu vyake, na akatoka nje.

Kumbe nina nyumba. Kikundi kinasema ninayo, serikali inasema ninayo, mashine yenye akili inasema ninayo. Ni wanangu tu wasio na akili ya kutosha, ndiyo maana wanalala jikoni kwa watu.

Gérard alinishika kiwiko akanipeleka upande wa dirisha. Alinong’ona haraka haraka. “Shemeji, tusiharibu. Wakubwa watafika sasa hivi. Weye imba kidogo mbele ya kamera, sema unakaa muzuri, huyu mama atulie, apike. Nikirudi Kasongo nitaongea na kikundi. Zamu yako nitaifungua miye mwenyewe. Niko kiongozi, watanisikia.”

Nilijua anaweza. Watu wangemsikia. Ningepata matofali mapya, tanuru jipya, nyumba. Célestine alikuwa hatua chache kutoka kwetu, anafunga mdomo wa mfuko wake wa mchele kwa kamba, na sijui kama alisikia. Nilifikiri juu ya wanangu. Nilifikiri kweli, msinione mtakatifu.

“Imba weye,” nikamwambia. “Weye njo unajua huo wimbo.”

Akaniachia kiwiko. Nikamuuliza neno moja tu, ambalo nilikuwa nimelibeba njia nzima kwenye pikipiki. “Kikundi kiko na watu wengi, Gérard. Wengine wako na viwanja kwenye barabara. Kwa nini miye? Kwa nini watoto wa kaka yako?”

Alifikiri. Angesema alitishwa, ningemwelewa. Angesema alidanganywa na wakubwa kama mimi, ningemkumbatia palepale tukalia wote wawili.

“Wengine wote wangeuliza ile nyumba italala pale muda gani,” akasema. “Nilimuwaza kila mutu. Kila mutu angeuliza. Weye njo hungeuliza, juu aliyekuambia nilikuwa miye.”

Alisema kwa upole, kama mtu anayenieleza njia ya sokoni. Nadhani hata hakuona kwamba amenipiga. Nje honi ya gari la wakubwa ililia, akavuta fulana yake ikae sawa, akatoka kuwapokea. Mimi na Célestine tulitoka kwa mlango wa nyuma na mfuko wa mchele. Wali haukupikwa siku hiyo. Nyumba yake ya udongo haikurudi kwa sababu hiyo, na tulilala kwa jirani yake, wote kwenye mkeka mmoja, yeye na mama yake na mimi.

Kesho yake nilirudi Kasongo. Wanangu waliiona pikipiki kutoka juu ya ile sakafu ya saruji wakaja mbio, mdogo mbele ya wote. Hakuniuliza nimemletea nini. Alitazama nyuma yangu, barabarani.

“Baba mudogo iko nyuma na nyumba?”

Nikashuka. Nikachuchumaa mpaka tukawa sawa, nikamfuta matope usoni. Nilitaka kumwambia taratibu, lakini kwangu mambo hayatokagi taratibu.

“Anaitwa Gérard,” nikamwambia. “Kuanzia leo utamwita Gérard. Usimwite tena baba.”

Mtoto alinitazama kwa woga, kwa sababu hakuna mtoto wa kwetu anayemwita mdogo wa baba yake kwa jina tupu. Alijaribu kulitamka, likamshinda, akaanza kulia.